Robo dola yenye rubani wa kivita: ni nani huyu, na sarafu yake ina thamani gani?

Mtembezaji wa Mkunazini ameuliza:

Assalaam alaykum. Naomba msaada kwa wanaozifahamu sarafu za kigeni, khasa za Marekani.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Mwezi uliopita nilimtembeza mzee mmoja, Mmarekani mweusi, pamoja na binti yake. Tulianzia Darajani, tukaingia kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, tukamalizia Forodhani. Tulipoagana alinipa bakhshishi kama ilivyo ada, kisha akatoa bahasha ndogo yenye sarafu mbili, akaniambia kwamba ami yake alikuwa fundi wa ndege katika kikosi cha marubani waliokumbukwa kwa sarafu hizo, na kwamba yeye husafiri nazo ili awape watu waliomkirimu. Gari yao ilikuwa imeshafika, kwa hivyo sikuwahi kumuuliza zaidi.

Sarafu zote mbili zina umbo moja na mwaka mmoja, 2021. Upande mmoja una kichwa cha mtu mwenye nywele zilizofungwa kisogoni, ambaye naambiwa ni George Washington. Upande wa pili una kijana mweusi aliyevaa mavazi ya rubani, anajifunga zana zake huku ameinua uso kutazama juu. Ndege mbili zinapita angani na nyuma yake pana mnara mdogo. Maneno yaliyopinda kwa juu yanasema kwamba walipigana vita viwili, na pembezoni pameandikwa Tuskegee Airmen na Alabama. Tofauti ni kwamba moja imebaki na rangi yake ya madini, na nyengine imetiwa rangi: mbingu ni ya buluu na mikia ya ndege ni myekundu.

Nilizipeleka kwenye duka la kubadilisha fedha, wakaniambia kwamba hawapokei sarafu, noti tu. Muuza vitu vya kale mmoja akasema atanipa shilingi elfu themanini kwa ile yenye rangi, na ile nyengine akaisukuma kando bila ya kuigeuza mara mbili. Mke wangu naye anataka hiyo iliyosukumwa kando itobolewe, iwe kidani cha binti yetu.

Naomba kujua mambo matatu. Huyu rubani ni nani? Hizi ni pesa halali au ni medali za ukumbusho? Na je, elfu themanini ni bei ya haki?


Kijana wa Michenzani amejibu:

Ndugu yangu, umeokota dodo chini ya mnazi. Hao ndio marubani weusi wa mikia myekundu, ambao katika Vita vya Pili vya Dunia hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Sarafu ya watu kama hao haiwezi kuwa ya bei ndogo. Nimepekua mtandaoni na nimeona mtu anaiuza kwa mamia ya dola. Usimpe mtu kwa elfu themanini.


Sonara Mstaafu amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Kabla ya kuzungumzia mamia ya dola, tujue kwanza kilichomo mkononi mwako. Bei anayoiandika muuzaji mtandaoni ni matumaini yake. Bei ya kweli ni ile ambayo mnunuzi amekwisha kuilipa, na hizo mbili mara nyingi hazikutani.

Sarafu uliyoieleza ni robo dola ya Marekani, yaani senti 25, na ni pesa halali kabisa. Mmarekani akiingia nayo dukani kwao ananunulia kitu. Ilitolewa mwanzoni mwa Januari 2021, ikiwa ya 56 na ya mwisho katika mfululizo ulioanza 2010 wa robo dola za hifadhi na maeneo ya kihistoria ya nchi hiyo. Zilipigwa mamia ya mamilioni. Kwa hivyo, ikiwa ni ile ya kawaida iliyopita mikononi mwa watu, thamani yake ni senti 25, ambazo kwa pesa zetu hazifiki shilingi elfu moja. Aliyeisukuma kando hakukudhulumu.

Ipo namna yake iliyopigwa kwa madini ya fedha halisi, na ndiyo inayostahiki kuchunguzwa. Tazama upande wa Washington, karibu na nywele zilizofungwa, utaona herufi ndogo sana. P ni ya kiwanda cha Philadelphia na D ni ya Denver, na hizo ndizo zilizotolewa kwa matumizi ya kila siku. S ni ya San Francisco. Ukiona S, na uso wa sarafu unang'ara hata unajiona, huenda ni katika zile zilizopigwa kwa ajili ya wakusanyaji, ambazo baadhi yao ni fedha ya asilimia 99.9. Hata hivyo herufi peke yake haitoshi, kwa sababu kiwanda hicho hicho kilipiga S za madini ya kawaida pia.

Shahidi mkubwa ni ukingo. Robo dola ya kawaida ina matabaka matatu: katikati ni shaba tupu, na juu na chini ni mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25. Ishike kwa vidole viwili, ielekeze mwangaza wa dirishani, na utauona mstari wa rangi ya shaba ukizunguka katikati ya mikato ya ukingoni. Ya fedha haina mstari huo. Halafu mwendee sonara yeyote mwenye mizani ya dhahabu akupimie. Ya kawaida ina gramu 5.67 na upana wa milimita 24.3, ilhali ya fedha inapindukia gramu 6. Sumaku isikushughulishe, haivuti hii wala ile.

Kuhusu ile yenye rangi, kiwanda cha sarafu cha Marekani hakikuipaka. Wako wafanyabiashara wanaonunua robo dola za kawaida, wakazipaka rangi au wakazichovya dhahabu nyepesi, wakaziuza ndani ya visanduku pamoja na cheti. Mkusanyaji wa sarafu huihisabu hiyo kuwa sarafu iliyoharibiwa, tena ni rahisi kuliko nzima. Cheti kinathibitisha kwamba rangi ni nzuri, basi.

Usiitoboe yoyote kabla ya kupima. Na wala usiisugue kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua masinia ya shaba kwa ajili ya sikukuu. Ngozi ya sarafu ikishachunika hairudi.


Mtembezaji wa Mkunazini ameandika:

Ahsante sana, mzee wangu, na shikamoo. Nimefanya kama ulivyonielekeza. Isiyo na rangi ina herufi P, mstari wa shaba unaonekana bila ya shida, na mizani ya sonara wa Mchangani imesoma gramu 5.67 barabara. Yenye rangi ni D, na ukingo wake pia una shaba. Kwa hivyo suala la fedha limekwisha. Limebaki la rubani mwenyewe, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, kwa sababu wageni kama yule mzee huja kila msimu na ningependa kujua ninachozungumza nao.


Maalim wa Wete amejibu:

Huyo rubani si mtu fulani mwenye jina, na jambo hilo lina sababu yake. Sheria ya mwaka 2008 iliyoanzisha mfululizo alioutaja Sonara ilikataza upande huo wa sarafu usiwekwe picha ya kichwa na mabega ya mtu yeyote, awe hai au amekwisha kufa, na ikakataza kabisa picha ya mtu aliye hai. Sarafu ilipotoka, baadhi ya marubani wenyewe walikuwa bado wahai. Charles McGee, aliyeruka safari za kivita 409 katika vita vitatu, yaani Vita vya Pili vya Dunia, Korea na Vietnam, alifariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 102. Kwa hivyo mchoraji, Chris Costello, alichora kijana mmoja anayewasimamia wote, na mnara ulio nyuma yake ni wa uwanja wa ndege wa Moton, katika mji wa Tuskegee, ambako walianzia mafunzo yao. Aliyeichonga ni Joseph Menna. Ndege zinazopita juu ni P-51 Mustang.

Vita viwili vilivyotajwa ni hivi. Cha kwanza kila mtu anakijua, ni kile cha kupigana na Hitler na Mussolini. Cha pili kilikuwa ndani ya jeshi lao wenyewe, kwani kabla ya 1941 jeshi la anga la Marekani halikuwa na rubani mweusi hata mmoja, na wakubwa wengi waliamini kwamba mtu mweusi hana akili wala moyo wa kuendesha ndege ya kivita. Serikali ilipolazimika kufungua mlango, iliufungua nusu: ikaanzisha mafunzo ya pekee kwa weusi, katika jimbo la kusini lenye ubaguzi mkali, pakawa na kambi ya pekee na vikosi vya pekee. Darasa la kwanza lilianza Julai 1941 na wanafunzi 13, na waliofuzu mwezi Machi 1942 walikuwa watano tu. Mpaka mafunzo hayo yalipofungwa 1946, marubani 992 walikuwa wamefuzu. Nyuma yao walikuwapo maelfu ya mafundi, wapima hali ya hewa, wakunja miavuli, waganga na wapishi, na wote hao huingizwa katika jina la Tuskegee Airmen. Ami yake mgeni wako ni mmoja wao hata kama hakuwahi kushika usukani.

Kati ya wale watano wa mwanzo alikuwamo Benjamin O. Davis mdogo, ambaye ndiye angekuwa mtu wa kwanza kuwekwa juu ya sarafu lau sheria ingeruhusu. Alisoma chuo cha kijeshi cha West Point, akahitimu 1936. Kwa miaka minne yote wanafunzi wenzake wazungu hawakusema naye ila kwa jambo la kazi. Alilala peke yake chumbani na alikula kimya katika meza iliyojaa watu. Walitaka achoke aondoke. Mtu huyo ndiye aliyeliongoza Kundi la 332 nchini Italia, na 1954 akawa jenerali wa kwanza mweusi katika jeshi la anga la Marekani.

Kikosi chao cha kwanza, cha 99, kilipelekwa Afrika Kaskazini mwaka 1943. Mwaka uliofuata wakahamia Ramitelli, Italia, wakapewa kazi ya kuzisindikiza ndege za mabomu zilizokuwa zikienda kupiga viwanda na reli za Ujerumani. Mikia ya ndege zao ilipakwa nyekundu ili zijulikane kutoka mbali, kwa hivyo aliyeipaka rangi sarafu yako hakubuni kitu. Safari yao iliyo maarufu kuliko zote ni ya tarehe 24 Machi 1945 kwenda Berlin, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,500 kwenda na kurudi, ambapo waliziangusha ndege tatu za jeti za Kijerumani, zilizokuwa na kasi kubwa kuliko za kwao.

Mdogo wangu wa Michenzani amesema kwamba hawakupoteza hata ndege moja waliyoisindikiza. Maneno hayo yalisemwa kwa miaka mingi, hata na watu wakubwa, lakini wanahistoria wa jeshi la anga lenyewe walipozifungua kumbukumbu za kila safari walikuta kwamba ndege za mabomu 27 ziliangushwa na ndege za adui zikiwa chini ya ulinzi wao. Wastani wa makundi mengine ya kusindikiza katika jeshi hilo hilo ulikuwa 46. Mimi naiona hesabu hiyo ina heshima zaidi kuliko hadithi ya sifuri, kwa sababu inawaonesha kuwa ni watu waliofanya kazi ngumu wakaifanya vizuri kuliko wenzao, na haimpi mwenye chuki nafasi ya kusema kwamba sifa zao ni za kutungwa.


Mzanzibari wa Leicester amejibu:

Ahsante, Maalim, kwa maelezo yaliyoshiba. Nina la kuongeza na nina la kubishia.

La kuongeza ni kwamba Waingereza nao walitoa sarafu ya peni 50 mwaka 2015, kutimiza miaka 75 ya vita vya angani vya 1940 vilivyopiganwa juu ya kusini mwa nchi yao. Gary Breeze aliyeichora naye hakumtaja mtu: ni marubani wanaozikimbilia ndege zao huku za adui zimeshafika juu. Toleo la mwanzo lililouzwa kwa wakusanyaji halikuandikwa thamani yake popote, watu wakalalamika kwamba sarafu isiyosema ni ya pesa ngapi ni sarafu gani. Zilizoingia madukani baadaye, karibu milioni 5.9, ziliandikwa. Mimi nilirejeshewa moja pamoja na chenji dukani na ninayo mpaka leo.

La kubishia ni hili la kumficha mtu nyuma ya sura isiyo na jina. Naifahamu sheria, lakini sheria hutungwa na watu. Washington anakaa upande wa mbele, kwa uso wake mwenyewe, na yeye alimiliki watumwa. Davis, aliyenyamaziwa miaka minne, anageuzwa kuwa "mmoja wao". Ukumbusho wa namna hiyo unaniridhisha nusu tu.


Maalim wa Wete amejibu:

Nusu hiyo siikatai, ndugu yangu. Lakini zingatia kwamba Davis angewekwa peke yake, fundi aliyekaza skrubu za Mustang usiku kule Ramitelli asingekuwa na sarafu, na ami yake yule mgeni asingekuwa na cha kumpa mtu Forodhani. Isitoshe, hawakuachwa bila ya heshima nyengine: 2007 walitunukiwa medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani, na hiyo hainunuliki kwa robo dola. Kwamba walingoja zaidi ya miaka 60 ni aibu ya waliowangojesha.


Bi Mkubwa wa Chake ameandika:

Mimi nimekaa nikisoma kimya, lakini mazungumzo ya nani awekwe juu ya sarafu yamenigusa. Sarafu zetu za shilingi hubeba viongozi: Mzee Karume yumo katika shilingi 200 ya mwaka 1998 na simba wawili nyuma yake, yumo tena katika shilingi 500 ya 2014 na nyati, na Mzee Mwinyi yumo katika shilingi 50 na vifaru. Askari wa kawaida wa Afrika Mashariki waliopelekwa hadi Burma kupigana na Wajapani ningependa wapate japo sarafu moja, na hata bila ya jina ningeipokea. Katika hili niko pamoja na Maalim.

Na je, ni kweli kwamba Zanzibar iliwahi kuchangia ndege ya vita? Marehemu babu yangu alikuwa akilisema hilo, nasi tukidhani ni porojo za barazani.


Maalim wa Wete amejibu:

Si porojo, Bi Mkubwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia makoloni na nchi zilizokuwa chini ya himaya ya Uingereza zilichangishwa fedha za ndege, na kila ndege iliandikwa ubavuni jina la mchangiaji. Miongoni mwao ilikuwapo ndege ya aina ya F.E.2b iliyoandikwa Zanzibar No. 1. Ndege za aina hiyo zilikuwa na injini nyuma, na mpiga risasi alikaa mbele kabisa ya rubani, hana cha kumkinga ila ukingo wa chombo unaomfikia magotini pale anaposimama kufyatua. Waliochangia walikuwa huku kwetu. Waliopanda hawakuwa wa kwetu.


Mtembezaji wa Mkunazini ameandika:

Nawashukuru nyote. Nimeamua ile isiyo na rangi nibaki nayo, ndani ya bahasha yake ile ile. Mke wangu amekubali isitobolewe baada ya kusomewa habari za Davis, ingawa kidani sasa nakidaiwa cha fedha ya kweli. Limebaki suala moja. Yule muuza vitu vya kale bado anaitaka yenye rangi kwa elfu themanini na amenipigia simu tena jana. Je, nimuuzie?


Sonara Mstaafu amejibu:

Muuzie ukitaka, mwanangu, sarafu ni yako na yeye ni mtu mzima. Lakini mwambie kwanza kwamba ni robo dola ya kawaida, kwamba rangi ilitiwa na mfanyabiashara wa nje na si kiwanda cha serikali, na mwoneshe huo mstari wa shaba ukingoni. Kuificha aibu ya bidhaa ni ghishi, hata kama mnunuzi ndiye aliyeitaja bei. Akishayajua hayo akabakia na elfu themanini zake, biashara ni halali. Mimi nakisia atashuka mpaka elfu kumi, akaitia kwenye kioo chake na kuwaandikia Wamarekani dola 50.